Chumba Kilichopungua Mita Moja na Robo

Mchoraji wangu wa ramani alipoomba akafanyie kazi nyumbani kwake Mhunze, kule Kishapu, nilimkatalia kabla hajamaliza kueleza. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa ofisi yetu ndogo mjini Geita, nimetoka kupima viwanja, buti zangu zimejaa tope jekundu. Yeye alikuwa ameketi mbele ya kompyuta yake, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Mkewe alikuwa amepooza upande wa kulia, na binti yao aliyekuwa akimwangalia alikuwa anakaribia kuolewa.

"Mayu," aliniambia. Aliniita hivyo siku zote, mama kwa Kisukuma, ingawa umri wake ulitosha kunizaa. "Kompyuta ni ileile. Mimi na wateja hatuongei. Wewe unanitumia vipimo, mimi nakurudishia mchoro."

"Na mteja akitaka kumwona aliyechora?"

"Hajawahi kutaka."

Ilikuwa kweli. Wateja walikuja kwangu na kwa muhuri wangu. Yeye walimpita kama wanavyolipita kabati. Lakini ofisi ile niliianza na meza moja ya kuazima, na moyoni niliamini kwamba biashara ni mahali. Mtu anaingia, anapewa kiti, anaona ramani ukutani, anaona watu wameinamia kazi, anatulia. Ukiwatawanya hao watu, unabaki na nini? Unabaki na namba ya simu.

Mwezi huohuo mwenye nyumba alinijia na neno lake. Jengo letu lilikuwa na fremu tano zilizopangana chini ya paa moja, zote zikitazama barabara. Sisi tulikuwa kwenye ya nne. Ya tano, ya mwisho kabisa, ilikuwa wazi. Mpangaji wake alikuwa mnunuzi wa dhahabu, mtu wa sauti ya chini ambaye sikuwahi kumwona na rafiki, na siku moja alifunga mlango akaondoka bila kuaga mtu.

"Chukua na hiyo," mwenye nyumba aliniambia. Alikuwa mfanyabiashara mzee, kanzu yake safi hata siku za mvua. "Tunavunja ukuta wa katikati, unakuwa na ofisi ya maana. Watu wa mjini wanaheshimu ukubwa, mama."

Nilitaka. Tulikuwa watu watatu tumebanana kwenye chumba kimoja na mashine ya kuchapia ramani iliyokula robo ya nafasi. Mteja akija na ndugu zake kugombea mpaka, ilibidi mmoja wetu atoke nje ili wao wakae. Kwa wiki nzima niliyaweka mawili hayo mbele yangu: nipanue ofisi, au nimwache mzee wangu wa ramani aende na nafasi ipatikane yenyewe.

Aliyenitoa kwenye mawazo hayo ni katibu wangu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, Mwislamu, babu zake walifika huku wakitokea Ujiji na biashara ya chumvi. Mimi nilimwita dada, na mzee alimwita dada, na hata wateja walimwita dada.

"Kwani lazima uchague leo?" alisema. "Mwache mzee akajaribu miezi mitatu. Na huku chukua ufunguo wa hicho chumba, ukiangalie taratibu."

Basi mzee akaondoka. Aliifunga kompyuta kwa blanketi, akaipakata kwenye basi mpaka Mhunze kama mtoto mgonjwa.

Tulipanga kuongea kila siku saa tatu asubuhi. Niliiweka simu mezani kwangu, sauti ya juu, na dada akavuta kiti. Mzee kwake alivaa vile visikilizio vya masikioni, kwa kuwa mkewe alilala chumba hichohicho na hakutaka kumwamsha. Nikiri kwamba kazi ilienda vizuri kuliko nilivyotaka iende. Michoro ilirudi mapema. Makosa yalipungua. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia, "Unaona, nilikwambia," na nafasi ya kusema hivyo haikuja.

Katika wiki ya tatu, tukiwa tunaongelea mpaka wa shamba moja, mzee alinikatiza.

"Mayu, leo una wageni?"

"Hapana. Niko na dada tu."

"Kuna mwanaume hapo."

Nilitazama mlangoni. Hakukuwa na mtu. Barabarani pikipiki zilikuwa zikipita na mtu alikuwa akiuza vocha kwa kipaza sauti.

"Ni kelele za barabarani, mzee."

"Za barabarani nazisikia," alisema polepole. "Huyu yuko karibu zaidi ya wewe. Anapumua kama mtu aliyebeba mzigo."

Nilicheka. Dada hakucheka. Alikuwa akiitazama glasi ya maji iliyokuwa mezani kwangu. Maji yalikuwa yakitetemeka, viduara vidogo vikitoka katikati kwenda ukingoni, na hakuna lori lililokuwa likipita.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka shambani mchana, nikamkuta dada ameketi nje, kwenye ngazi, juani, mkoba wake mapajani kama mtu anayesubiri usafiri.

"Kuna nini?"

"Kuna mtu ameniamkia."

"Nani?"

"Ndiyo sijui. Nilikuwa nimeinama, natafuta faili kwenye droo ya chini. Nikasikia 'shikamoo'. Nikaitikia marahaba. Nikainuka nimkaribishe." Aliuonyesha mlango kwa kidole. "Mlango ulikuwa umefungwa, mama. Niliufunga mwenyewe kwa sababu ya vumbi."

Nilimuuliza sauti ilikuwaje. Alisema ilikuwa ya mwanaume, ya heshima, wala haikuwa ya kutisha, na hilo ndilo lililomtisha.

Kisha akaniambia jambo alilokuwa amelificha muda mrefu. Alisema kuna kitu kinagonga. Si kila siku, na si kwa nguvu. Kidogo kidogo, kama kucha kwenye ubao. Alikuwa ameanza kukisikia tangu mzee aondoke, ofisi ilipopungua maongezi. Na kila mchana, saa saba, akitandika mkeka wake nyuma ya kabati kuswali, kinanyamaza.

"Kinanyamaza kabisa," alisema. "Nikimaliza kutoa salamu na kukunja mkeka, kinaanza tena. Mwanadamu hafanyi hivyo. Kitu kinachoogopa swala unakijua."

Mimi nimelelewa Ushirombo, karibu na misheni, na masista walitufundisha kucheka mambo ya majini. Lakini sikucheka tena. Nilimwambia kesho yake sitakwenda popote, nitakaa naye.

Asubuhi ile nilisikia barabara tu. Saa nne, saa tano, barabara tu. Karibu na saa sita nilivua viatu, nikapiga magoti, nikalaza sikio kwenye sakafu ya saruji. Saruji ilikuwa na joto ambalo sikulitegemea. Na chini yake, mbali au karibu sikuweza kujua, kulikuwa na kitu: gongo, gongo, kimya, gongo. Kwa mpangilio. Kama fundi asiye na haraka.

Saa saba dada alitawadha, akatandika mkeka. Mimi nilibaki palepale chini, sikio sakafuni, nikiiangalia miguu yake. Alipoinua mikono na kusema Allahu Akbar, sauti ilikatika. Haikufifia. Ilikatika, kama ya mtu aliyeshikwa mkono. Nikabaki nasikiliza kimya kile, na nikapata hisia mbaya kwamba na chenyewe kinanisikiliza. Dada aligeuza uso kulia, akageuza kushoto, akakaa kidogo na dua zake, akakunja mkeka.

Gongo.

Nilivaa viatu nikatoka nje, na mimi nikaenda kukaa juani.

Tuliulizana kama tumwambie mwenye nyumba. Tukaona tutachekwa. Nilichofanya ni kuchukua ufunguo na kwenda kukitazama chumba cha tano. Kilikuwa kitupu. Kaunta ya mbao, doa la mviringo pale mizani ilipokaa, waya wa taa unaoning'inia. Ukuta wa nyuma ulikuwa umepigwa lipu vizuri na rangi yake ilikuwa mpya kuliko ya kuta nyingine. Hakuna kitu cha kuogopa. Hata hivyo nilipofika katikati ya chumba nilisimama, kwa sababu nilihisi kwamba kuna kazi imesimamishwa kwa ajili yangu. Unajua unavyoingia jikoni kwa watu na maongezi yakakatika. Hivyo. Nilisema "Hodi" kwa sauti, nikajionea aibu, nikatoka.

Mwenye nyumba aliendelea kunisukuma. Kulikuwa na mtu mwingine anakitaka chumba, alisema, na fundi wa kuvunja ukuta alikuwa tayari. Sikutaka woga wa mambo ya chini ya sakafu uniamulie biashara. Nikasema nitapima chumba, mzee achore ofisi mpya itakavyokuwa, nikiiona kwenye karatasi nitaamua. Dada alinishikia ncha ya tepu. Tulipima haraka, hakuna aliyetaka kubaki mle, nikaandika namba kwenye kijitabu, nikazipiga picha, nikazituma Mhunze.

Mzee alipiga simu alasiri ya siku ile. Mvua ilikuwa ikinyesha, mabati yanapiga kelele, nikalazimika kuziba sikio la pili.

"Mayu, tepu yako imekatika?"

"Kwa nini?"

"Ofisi yetu, ndani, kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma, ni mita saba na robo. Vipimo hivyo ninavyo tangu tulipohamia. Hicho chumba cha tano umeniandikia mita sita."

"Ndiyo, sita."

"Ukuta wa mbele ni mmoja. Ukuta wa nyuma ni mmoja. Mita moja na robo imekwenda wapi?"

Kazi yangu maisha yangu yote ni kuwaambia watu ardhi yao inaanzia wapi na inaishia wapi. Nimewahi kuwaita watu waongo kwa sababu ya sentimita kumi. Na nilikuwa nimesimama ndani ya chumba kile, nimeandika namba kwa mkono wangu, sikuona kitu. Yeye aliyekuwa mbali, ambaye hakukisikia chumba wala kukiogopa, aliona tarakimu tu, na tarakimu zikamwambia.

"Pima tena," alisema. "Halafu, mayu, usipime peke yako."

Tulipima tena. Mita sita. Mvua ilipopungua nilizunguka nyuma ya jengo. Kulikuwa na madirisha matano kwa mstari. Manne yalikuwa na vioo. La tano lilikuwa limezibwa kwa bati lililopigiliwa misumari pande zote.

Nilimpigia mwenye nyumba, nikampigia mwenyekiti wa mtaa. Kesho yake saa nne walikuja wote na fundi mwenye nyundo. Mzee wangu aliomba asikatiwe simu, kwa hiyo nilimweka kwenye mfuko wa shati, naye akabaki hapo kifuani kwangu, kimya, tunasikiliza wote.

Fundi alipogonga ukuta ule wenye rangi mpya, ulilia kama debe. Pigo la tatu lipu ikaanguka. La nne matofali mawili yaliingia ndani, na tulisikia yakianguka kwa muda mrefu kuliko inavyostahili tofali kuanguka. Hewa ikatoka. Hewa ya joto, yenye harufu ya udongo mbichi na jasho la watu.

Nyuma ya ukuta kulikuwa na ujia mwembamba, upana wa mtu kulala. Upande mmoja kulikuwa na mkeka, dumu la maji na vikombe vitatu vya plastiki. Upande wa pili kulikuwa na duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao, mdomo wake umezungushiwa magogo, na kamba imefungwa kwenye nondo za dirisha lililozibwa. Kamba ilikuwa imelainika kwa mikono mpaka inang'aa. Juu ya mkeka, ukutani, ilining'inia saa. Ilikuwa inatembea. Niliilinganisha na ya kwangu, haikupishana hata dakika. Chini yake kulikuwa na kiazi kitamu cha kuchemsha kimeng'atwa mara moja. Mwenyekiti alikigusa.

"Kina joto," alisema.

Mwenye nyumba alianza kuapa kwamba hajui lolote. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mwenyekiti alimwita mchimbaji mmoja mzoefu kutoka maduara ya jirani, mwanaume mwembamba ambaye hakutaka kuongea sana. Alifunga taa kichwani, akajaribu kamba kwa uzito wake, akashuka. Sisi tulisubiri. Dada alichoka kusimama, akarudi kwenye ofisi yetu kukaa kitini kwake, nami nikamfuata. Kulikuwa kweupe, jua linawaka, watu wanapita nje na mizigo yao.

"Mnanisikia?"

Sauti ilitoka chini ya meza ya dada. Ilitoka wazi, bila mwangwi, kama ya mtu aliyeketi nasi chumbani.

Dada alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia. "Hivyohivyo," alisema. "Ilikuwa hivyohivyo."

"Tunakusikia!" nilipiga kelele.

"Usipige kelele, mama," ilisema sauti. "Huku kila kitu kinasikika."

Alipopanda, alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya shati. Alinikabidhi mimi, si mwenyekiti. Niliitambua kabla sijaifungua. Ilikuwa ramani yetu wenyewe, nakala mbovu ya viwanja tuliyoitupa kwenye ndoo ya taka. Nyuma yake mtu alikuwa amechora kwa penseli ofisi yangu. Mlango, kabati, mashine ya kuchapia, meza tatu. Ilichorwa vizuri, nilimwonyesha mzee picha yake baadaye akasema vipimo vinakaribia kabisa. Walitupima kwa masikio, kutoka chini.

Kwenye kila meza waliandika. Kwenye ya mzee: "Mzee. Ameondoka." Kwenye yangu: "Mama. Hutoka asubuhi. Anatembea kwa kishindo." Kwenye meza ya tatu maandishi yalikuwa mengi kidogo, na mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu aliyesoma.

"Dada. Yupo siku zote. Anasali saa saba. Tusigonge."

Nilisoma kwa sauti kwa sababu mzee alikuwa bado kwenye simu mfukoni na alitaka kujua. Dada aliichukua karatasi kutoka mkononi mwangu, akasoma tena kimoyomoyo, kisha akaketi sakafuni palepale na mtandio wake akajifunika uso. Sikujua kama analia.

Mchimbaji alieleza kilichobaki. Njia ya chini ilikuwa inafuata mwamba wenye dhahabu, na mwamba ulipita chini ya ofisi yetu moja kwa moja, kisha nyuma ya jengo, mpaka kwenye pagale moja lisiloezekwa. Huko walikuwa na mdomo wa pili, ndani ya shimo la choo lisilotumika. Hao tuliowasikia walikuwa wamepitia huko nyundo yetu ya kwanza ilipogonga ukuta. Waliondoka na vifaa vyao na kuacha kiazi na saa.

"Na jambo lingine," alisema. Alinisogeza pembeni. "Chini ya meza yako wametoa mwamba mwingi. Matimba waliyoweka kushikilia juu ni membamba. Meza yako, mama, imekaa juu ya magogo manne."

Tulitoa vitu vyetu siku ileile, na kila mmoja akawa anafanyia kazi nyumbani kwake. Nilitembea mle ndani kwa vidole vya miguu, mimi wa kishindo, nikibeba mafaili.

Wahusika wa serikali walikuja, wakaandika, wakazungushia utepe. Mnunuzi wa dhahabu hakupatikana. Malori yalileta kifusi kwa siku kadhaa. Mwenye nyumba alipomaliza kufukia alinifuata nyumbani, akaketi sebuleni kwangu na kanzu yake safi, akaniambia vyumba vyote viwili ni vyangu kama bado nataka, tuvunje ukuta, kodi tutaongea. Nilimuuliza nani alipigilia lile bati dirishani. Alisema ni mpangaji. Nikamtazama, naye akatazama chai yake. Mpaka leo sijui.

Nilimwambia aniache nifikirie. Na kwa kweli nilifikiri, kwa sababu kukaa nyumbani hakukuwa rahisi. Sebule yangu ilikuwa kimya namna ambayo sikuizoea. Nikiwa napiga hesabu za mipaka, nilijikuta nimeacha kalamu na nimeshikilia pumzi, nikisubiri. Nilianza kutembea pole ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Majirani hawakujua kwa nini siku moja walinikuta nimezunguka nyumba na tepu, peke yangu, napima nje kisha ndani. Ilikuwa sawa. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na bado sikutulia.

Dada ndiye aliyenishangaza. Nilidhani atafurahi kubaki nyumbani. Baada ya mwezi alikuja kwangu na kompyuta yake ndogo mkobani.

"Mama, mimi siwezi. Kwetu tuko watu kumi na mmoja. Nikifungua kompyuta wananiita nikoroge uji. Nitafutie meza popote."

"Hata kule?"

"Hata kule ningerudi," alisema. "Wale watu walinichunga. Kuna waume za watu hawafanyi hivyo." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Lakini kila nikiswali sasa, nasikiliza. Nasikiliza kama kuna mtu ananyamaza. Na hiyo si swala tena, mama."

Hapo ndipo nilipoamua. Sikuchukua vyumba viwili, na sikumwachia kila mtu kwake. Nilimtafutia dada chumba kimoja ghorofa ya pili kwenye jengo lingine la mjini, dirisha kubwa, chini yake kuna duka la vitambaa na kelele za cherehani mchana kutwa. Wateja wanapokelewa hapo. Mimi naenda siku mbili kwa wiki. Mzee alibaki Mhunze, na sikumwomba arudi.

Mvua za mwaka uliofuata, sakafu ya ofisi yetu ya zamani iliingia ndani. Haikuanguka kwa kishindo. Wapangaji wa fremu ya tatu waliniambia waliona asubuhi moja tu kwamba saruji imezama, taratibu, kama godoro lililolaliwa. Nilikwenda kuona. Shimo lilikuwa la ukubwa wa meza, mahali ilipokuwa yangu. Mwenye nyumba alikuwa amesimama pembeni, hakuniamkia wala mimi sikumwamkia.

Mke wa mzee alifariki kiangazi. Nilikwenda Mhunze kuzika. Nilikiona chumba ambamo ramani zetu zote zilitoka: kitanda upande mmoja, kompyuta upande wa pili, na kati yao nafasi ya kupitisha goti tu. Alikuwa amefanya kazi muda ule wote ameegemeza mgongo ukutani ili aweze kumwona mkewe.

Nilidhani ataomba likizo. Baada ya wiki tatu alipiga simu mwenyewe.

"Mayu, nina ombi. Tukimaliza kikao, usikate simu."

"Una neno lingine?"

"Sina. Iache tu wazi. Wewe fanya kazi yako, mimi nifanye yangu."

Ndivyo tunavyofanya siku hizi. Simu inakaa mezani tangu saa tatu mpaka mchana, na hatusemezani. Nasikia kuku wake, nasikia upepo wa Kishapu ukivuta mlango, nasikia vidole vyake kwenye vitufe. Nadhani naye anasikia kiti changu kikilia. Mara mojamoja anaongea, kwa Kisukuma, taratibu, na najua haongei na mimi. Anaeleza kiwanja anachokichora kiko wapi, kimepakana na nani, kisha ananyamaza kidogo kama anayempa mtu nafasi ya kumjibu, kisha anasema, "Eeh," na anaendelea kuchora.

Mimi hushusha kalamu mezani polepole, isitoe sauti, na kungoja amalize.